Kama Ilivyotoka Kiwandani

Mimi sipendi mashine iliyofungwa kwa waya. Naliweka hili wazi mapema, ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule wa 1977, nikiwa na kibanda changu cha ufundi wa taipureta pale Miyomboni, Iringa mjini. Mtu akiniletea mashine iliyoshikizwa kwa mpira wa baiskeli, nilimgombeza yeye aliyeileta, hata kama aliyeharibu ni fundi mwingine aliyekwisha kufa. Mke wangu alisema Ambrosi, huo ni ugonjwa. Labda.

Mashine ya Shija ilikuwa mbaya kuliko zote. Shija alikuwa karani wa ofisi, Msukuma mrefu, mpole, aliyekuja Iringa kusomea ukarani akabaki hapo hapo, akamwoa Rozalia wa Tosamaganga. Taipureta yake ilikuwa ndogo, ya kubebwa ndani ya sanduku lake kama mkoba, na aliipata kwa mmisionari mzee aliyekuwa akirudi kwao. Kila aliyewahi kuimiliki alikuwa ameacha uchawi wake humo. Palikuwa na kifungo cha shati mahali pa herufi moja, springi ya mwavuli, na kipande cha kandambili chini ya mguu mmoja. Ile roli ya mpira inayobeba karatasi ilikuwa imekauka, ngumu kama pembe, na herufi o ilikuwa na makali. Kila o ikipiga, inakata tundu. Barua ya Shija ukiishika mkononi ilikuwa kama chekeche.

"Inachapa, kaka," aliniambia. "Mimi inanitosha."

"Haichapi, inatoboa."

Alicheka. Alikuwa ameileta kwa sababu utepe wa wino ulikuwa umekwama tu, kazi ya dakika kumi. Nikamwambia aiache.

Nilipokuwa nafuta vumbi kwenye sanduku nikaona kwamba mfuniko wake ni mnene kuliko inavyotakiwa. Nikaugonga kwa kidole, ukalia mvungu. Nikabandua kitambaa cha mahameli taratibu, chini yake nikakuta ubao mwembamba wenye parafujo nne ambazo hakuna mkono uliowahi kuzigusa tangu ziwekwe. Nilipoufungua ilitoka harufu ya mafuta ya zamani, na mimi nikakaa chini.

Humo ndani kulikuwa na roli mpya ya mpira, imefungwa kwa karatasi ya nta. Kulikuwa na herufi zote za chuma, kila moja kwenye kitundu chake, springi, nati, na karatasi kubwa iliyokunjwa yenye michoro na vipimo. Kiwanda kilikuwa kimejua kwamba mashine hii itakwenda nchi za mbali kusiko na fundi, kikaificha ndani yake yenyewe kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Miaka arobaini au zaidi ilikuwa imelala hapo, chini ya mahameli, na watu wakihangaika na vifungo vya shati.

Siku tatu sikufanya kazi nyingine. Ilikuwa mwezi wa tano unaishia, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni kwenye mto na kuingia hadi kibandani, na mimi nilifanya kazi kama mtu aliye usingizini. Sikusikia soko. Mara nyingine niliona mikono si yangu, mikono ya watu weupe wa zamani waliovaa aproni, ikinielekeza parafujo hii hapa, ile pale. Nilitoa kifungo, nikatoa springi ya mwavuli, nikatoa kandambili, nikatoa kila kitu ambacho hakikuwa kwenye ule mchoro. Ile roli kuukuu niliikata vipande kwa msumeno nikatengenezea miguu ya mashine nyingine, maana mpira mgumu hautupwi. Siku ya nne taipureta ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe.

Shija alipokuja alichapa mstari mmoja. Akageuza karatasi, akapitisha kidole kwa nyuma. Laini.

"Imekuwa kimya," alisema.

Akafunga sanduku akaenda zake, na mimi niliudhika kwamba hakunishukuru vya kutosha.

Wiki mbili baadaye Rozalia alijifungua kabla ya siku zake, hospitali ya Tosamaganga. Mtoto wa kiume, mdogo, uzito wake wa kuku wa kawaida. Rozalia alishikwa na homa kali akawa hawezi kumpakata, na kwa baridi ile ya mwezi wa sita sista wa wodi alimvua Shija shati, akamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa kanga, na juu akamvika koti. "Wewe ndiye jiko lake," alimwambia. "Usiende popote." Shija hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi la barazani mchana, ndani karibu na kitanda cha mkewe usiku.

Lakini mtoto hakuwa na jina. Kwa akina Shija jina la mtoto wa kwanza hutolewa na bibi mzaa baba, kwa kinywa chake, akiwa amemwona mtoto. Sista alitaka kumbatiza haraka, maana aliiona hali yake. Wakwe walikuwa na majina matatu tayari. Shija, mpole yule ambaye hata bei ya nyanya hakuweza kubishania, aligoma kabisa.

"Mtoto wangu akiondoka bila jina, atakuwa amepita kama upepo," aliniambia. "Mama atakuja. Nimemwandikia."

Barua hiyo niliiona kabla haijaondoka, kwa kuwa nilimpelekea taipureta pale hospitali mwenyewe. Aliichapa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto chini ya koti. Ilikuwa barua nzuri, herufi zimesimama safi, hakuna tundu hata moja. Nilijisikia kuvimba kichwa. Tukampa dereva wa basi la Mbeya, ambaye kila mwezi alizishusha barua za Shija pale Chimala kwa mwalimu Isakwisa, na mwalimu akazifikisha kwa mama.

Mama yake Shija, Nyamizi, alikuwa akiishi huko kwenye mbuga za Usangu. Yeye na mumewe Budeba walikuwa wametoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakitafuta majani, na Budeba akafa mwaka uleule waliofika. Shija alikuwa Iringa kwenye masomo. Habari zilimfikia baada ya miezi miwili. Tangu hapo alimwandikia mama yake kila mwezi. Mama hakujibu kwa maneno. Alituma kopo la samli kwa dereva yuleyule.

Safari hii kopo halikuja. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Rozalia bado alikuwa na homa. Mtoto alikuwa ananyweshwa kwa kijiko, akilala sana, na sista akimtazama Shija kwa jicho ambalo sikulipenda. Kisha ikaja karatasi fupi kutoka kwa mwalimu Isakwisa. Nilikuwepo barazani Shija alipoisoma.

"Ndugu Shija. Mama yako ameikataa barua yako. Anasema haina mwanga. Amejifungia ndani siku ya tisa leo, ng'ombe wake wanakamuliwa na jirani. Nimejaribu kumsomea ameziba masikio. Njoo."

Shija alilia bila sauti ili asimtikise mtoto.

"Amenikasirikia, kaka Ambrosi. Tangu baba afe amenikasirikia kwa sababu sikuwepo. Kila barua namwuliza baba alizikwa wapi. Miaka minne. Hajanijibu hata mara moja. Na sasa hata mjukuu hamtaki."

Jua la jioni lilikuwa limeingia barazani, na Shija, kwa kutafuta leso, alivuta kutoka mfukoni karatasi ya zamani, rasimu ya barua aliyoichapa kabla sijagusa mashine yake. Akaishika juu kidogo, na ukutani nyuma yake, kwenye ile chokaa nyeupe, nikaona nukta za mwanga. Nukta nyingi, ndogo, mviringo, zimepangwa mistari mistari, zikitembea kila alipousogeza mkono.

Nikaelewa.

"Wewe kaa hapa na mtoto," nikasema. "Nitakwenda mimi."

Sikumwambia kwa nini. Niliona aibu.

Basi la asubuhi lilinishusha Chimala mchana, chini ya milima, kwenye joto ambalo sisi wa Iringa hatulijui. Mwalimu Isakwisa, Mnyakyusa mfupi mwenye sauti ya kanisani, alinipa kitanda, na kesho yake tulipanda baiskeli alfajiri kuelekea mbugani. Tulipita mashamba ya mpunga yaliyovunwa, yakabaki mabua na ndege weupe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nchi ile tambarare kiasi cha magoti, na ng'ombe walionekana migongo tu, wakitembea bila miguu. Nilikuwa sijawahi kuona mahali pana namna ile. Nilijisikia kama mtu anayepelekwa kushitakiwa katika ndoto.

Nyamizi alikuwa ameketi ndani ya nyumba yake kwenye kigoda, uso kwenye dirisha dogo linalotazama mashariki. Mwanamke mwembamba, mrefu kama mwanawe. Kwenye dirisha, barua ya Shija ilikuwa imechomekwa kwa miiba miwili, imeziba tundu lote, na jua lilikuwa nyuma yake. Ndani palikuwa giza.

Mwalimu alimwamkia, akamwambia huyu ametoka Iringa kwa Shija. Mama hakugeuka.

"Umeleta nguo zake?" aliuliza.

"Nguo gani, mama?"

"Za marehemu."

Ndipo akanionyesha sakafu kwa kidole. "Barua zake nilikuwa naweka hapa dirishani. Jua likitoka, anaingia. Anatembea hapa chini, pole pole, mpaka kwenye mafiga, halafu anaondoka. Kila siku mpaka mwezi unaisha, inakuja nyingine. Mimi najua mwanangu anapumua. Hii imekuja, nimeweka dirishani, jua limetoka, hakuna kitu. Karatasi hii haina pumzi. Imeandikwa na watu, kuniambia amekufa." Akagusa kichwa chake. "Sijanyoa nywele za msiba bado. Nikinyoa ndiyo itakuwa kweli."

Nilipiga magoti. Mimi, ambaye nilikuwa nagombeza wateja.

"Mama, Shija hajafa. Nimemwacha juzi, yuko mzima. Mimi ndiye niliyeziba yale matundu."

Hapo akageuka. "Wewe ni nani hata uzibe pumzi ya mtu?"

"Mimi ni fundi. Ile mashine yake ya kuandikia ilikuwa mbovu. Nimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani."

"Ilikuwa inamsumbua?"

"Hapana."

"Alikuomba?"

"Hapana, mama. Alisema inamtosha."

Alinitazama muda mrefu sana. Nimetazamwa na maofisa wakali, na padri, na mkwe wangu, lakini sijawahi kutazamwa hivyo.

"Wewe unaweza kusema chochote," alisema mwishowe. "Mtu wa mjini."

"Barua yenyewe inasema, mama. Nikusomee."

Akaziba masikio kwa viganja. Mwalimu Isakwisa akanivuta nje, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuwahi kumwandikia Shija kwa sababu alidhani halina maana: mama huyu hakuwahi kusomewa barua hata moja. Alikuwa akiuliza tu, hii ni ya mwanangu? Akiambiwa ndiyo, anaichukua anaingia nayo ndani. Mwalimu alikuwa amejitolea mara nyingi, mpaka akachoka.

Nilirudi ndani nikamwuliza kwa nini.

"Karatasi ikisomwa, watu wanahamishwa," Nyamizi alijibu, bila hasira, kama mtu anayeeleza mvua. "Mwaka ule alikuja bwana wa serikali na karatasi, akasoma, tukabomoa nyumba. Mwaka mwingine akasoma tena. Karatasi ya mwanangu sitaki isomwe. Na tena mtu akija kukusalimia unamwangalia uso. Humpasui tumbo."

Basi hakujua chochote. Miaka minne ya barua, na hakujua mwanawe ameoa. Nilihisi machozi, nikayaachia.

"Mama," nikasema, "zile za zamani, zenye pumzi, unazo?"

Alitoa kibuyu kikubwa kutoka darini. Zilikuwamo zote, arobaini na kitu, zimekunjwa vizuri, zina harufu ya moshi na samli. Nikamwomba anipe ya kwanza. Nikamwambia hii si ya watu, hii ni yake, wewe mwenyewe umeshuhudia akitembea hapa sakafuni. Hii hainihamishi wala haikuhamishi. Akafikiri. Kisha akainuka, akatoka nje kwenye jua, nasi tukamfuata.

Niliisoma nikiwa nimeishika juu kati yetu na jua, kwa sababu hakukubali isomwe gizani. Maneno niliyasoma mwanga ukiwa nyuma ya karatasi, na zile nukta zikamwangukia usoni, kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye midomo.

"Mama, mimi mwanao niliyefuata mapacha, nakusalimu. Iringa kuna baridi. Nimenunua viatu."

Kila barua ilianza hivyo, mimi mwanao niliyefuata mapacha, maana ndiyo maana ya jina lake kwao. Nilisoma ya pili, ya tatu, ya kumi. Jua lilipanda, nasi tukawa tunaisogeza karatasi kulifuata. Ng'ombe walikuja wakasimama karibu. Sauti yangu ilikwisha, mwalimu akapokea, kisha mimi tena. Mama alikaa amefumba macho, nukta zikimtembea, na mara kwa mara alitikisa kichwa kama anayemsikia mtu akiongea chumba cha pili.

Tulipofika kwenye harusi alifumbua macho. "Ameoa? Lini?"

"Mwaka juzi, mama. Anaitwa Rozalia."

Akapiga makofi, akacheka mpaka akakohoa. "Na mimi nimekaa tu hapa! Mwaka juzi!"

Lakini karibu na mwisho wa kila barua kulikuwa na mstari mmoja uleule. Mama, baba alizikwa wapi, niambie nije nimwone. Mara ya kwanza aliniomba nirudie. Mara ya pili aliuliza, "Anauliza tena?"

"Anauliza tena."

Baadaye hakuuliza. Kila nilipoukaribia mstari huo alikuwa ananishika mkono, na alikuwa akinishika kwa nguvu zaidi. Mwalimu Isakwisa aligeukia milimani.

Ilipobaki ile moja ya dirishani, jua lilikuwa limeshapita utosini. Aliingia akaichomoa mwenyewe, akatoka nje akaishika juu. Kivuli chake kikamfunika uso wote, hakuna nukta. Alishusha pumzi.

"Soma," akasema.

"Mama, mimi mwanao niliyefuata mapacha, nakusalimu. Tumepata mtoto wa kiume. Ni mdogo sana, nimembeba kifuani, nakuandikia kwa mkono mmoja. Hana jina. Wanataka kumpa majina yao nimekataa. Njoo umwite. Mama, kama umenikasirikia kwa ajili ya baba, nikasirikie mimi, usimkasirikie yeye."

Aliishusha ile karatasi, akaikunja. Nilikuwa nataka kuomba msamaha tena lakini sikupata mahali pa kuuweka. Kisha akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kingine, na kopo la samli mkononi.

"Basi linapita saa ngapi?"

Tulilipata la jioni, tukalala Makambako kwenye gesti, asubuhi tukaendelea. Njia nzima alikuwa amepakata kile kibuyu cha barua. Mimi nilikuwa naogopa, tangu Mafinga mpaka njia panda ya Tosamaganga, kwamba tutakuta kitanda kimetandikwa upya.

Shija alikuwa pale pale barazani, koti limefungwa mpaka shingoni. Alipomwona mama yake alimshika mtoto kwa mikono miwili. Nilitazama koti lake. Kifuani lilikuwa linapanda na kushuka mara mbili, moja kubwa na moja ndogo ya haraka.

Nyamizi hakumsalimu. Alikwenda akasimama mbele yake.

"Yuko kwenye zizi la kwanza," alisema. "Karibu na mto, kabla ya kuvuka. Tulimzika ndani ya zizi, kama mwenye ng'ombe anavyozikwa. Halafu tukahamishwa, sasa pameota majani tu, hakuna mtu anayejua isipokuwa mimi. Kichwa chake kiko upande wa mlango. Nitakupeleka."

Uso wote wa Shija ukavunjika.

"Mama, nimekuuliza miaka minne."

"Umeniuliza jana, mwanangu," alisema Nyamizi. "Leo nimekuja."

Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mtoto, akamwita Budeba.